Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: hii "jazz" ni ipi?

Jumapili moja, baada ya kupiga wimbo wa Western Jazz kwenye kipindi cha zilipendwa, msikilizaji wa Usagara alituma ujumbe. Kijana wake alikuwa amemwonyesha jazz ya Wamarekani kwenye simu, na mzee akashangaa: mbona haifanani hata kidogo na jazz yetu? Nani kamwibia mwenzake jina? Nilimjibu hewani kwa dakika mbili, halafu nikakosa raha njia nzima ya kurudi nyumbani, maana swali lile ni kubwa kuliko dakika mbili. Hapa nalijibu kwa kirefu kidogo. Mimi ni mpenzi tu wa muziki huu, si profesa, kwa hiyo utakutana na maoni yangu humu ndani. Una ruhusa ya kuyakataa.

Tuanze na jina. Jazz ilizaliwa Marekani, katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne iliyopita, mikononi mwa watu weusi waliokuwa wajukuu wa watumwa. Jina lake lilisafiri kwa kasi kuliko muziki wenyewe. Lilipofika kwetu halikuwa na maana ya mtindo fulani wa kupiga. Lilikuwa na maana ya kikundi chenye vyombo vya kisasa: magitaa, tarumbeta, saksofoni, na watu waliovaa wakapendeza. Dar es Salaam Jazz inatajwa kuanza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Walichokuwa wakikisikiliza sana ni santuri za Kuba, zile zilizokuwa na herufi GV, ambazo zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Ukisikia rumba ndani ya muziki wa dansi wa Tanzania, chanzo kimojawapo ni hicho. Kwa hiyo, mzee wangu wa Usagara, hakuna aliyeibiwa. Jina lilitoka Marekani, mdundo ukapitia Kuba, na maneno tukaweka sisi.

Western Jazz inatuhusu zaidi kuliko wengi wanavyojua. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lilitokana na Jimbo la Magharibi la wakati ule ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Mpiga gitaa la solo, Rashid Hanzuruni, ndiye aliyeutangaza mtindo wao wa Saboso. Watu wa huku bara waliokwenda mjini kutafuta maisha walijikuta wana bendi yenye jina la nyumbani.

Sasa tofauti ya kweli kati ya jazz hizi mbili. Kwa Wamarekani, moyo wa jazz ni kubuni papo hapo. Wanamuziki wanakubaliana wimbo, kisha mmoja anaachiwa nafasi aende anakotaka huku wenzake wamemshikia njia. Msikilizaji wa Misungwi hahitaji kufundishwa jambo hili. Ukienda kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, manju hasomi karatasi. Anaona umati, anamwona mshindani wake, anatunga pale pale. Kwenye muziki wa dansi nafasi hiyo utaipata hasa wimbo unapofika sehemu ya kuchemka, maneno yanapungua na gitaa la solo linaanza kusema lenyewe. Msikilize Mbaraka Mwinshehe pale anapoacha kuimba. Kwangu mimi hiyo ni jazz, hata kama mtaalamu atakunja uso.

Na kama ni ushindani, Dar es Salaam walikuwa na Bagika na Bagalu wao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina hadi kuwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, yaani Sikinde. Msondo na Sikinde yote ni majina ya ngoma za Wazaramo. Mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga. Mimi ni wa Sikinde na sitajieleza.

Lakini safari ya maneno haikuwa ya upande mmoja, na hapa ndipo nataka mzee amwite yule kijana asome. Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, mpiga piano Randy Weston alirekodi jijini New York albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Mwanzoni kabisa, kabla muziki haujashika kasi, unasikika Uhuru ukitajwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, aliyekuwa huko wakati ule. Ngoma na drams zimejaa humo, mmoja wa wapigaji akiwa Max Roach. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Maoni yangu: usianze nayo usiku ukiwa umechoka, maana vyombo ni vingi na vinaongea kwa pamoja. Ila ule mwanzo usikilize hata mara moja. Kumsikia mtu wetu anazungumza lugha yetu katikati ya wanamuziki wakubwa namna ile, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, kulinisimamisha nywele.

Miaka kumi baadaye mambo yakazidi. Mpiga piano Herbie Hancock alitoa albamu mwaka 1971 akaiita Mwandishi, na yeye mwenyewe akajiita hivyo. Wenzake wote walichukua majina ya Kiswahili. Mpiga drams Billy Hart akawa Jabali. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Bennie Maupin akawa Mwile. Eddie Henderson, mpuliza tarumbeta, akawa Mganga, na hilo lilimfaa kweli kwa sababu alikuwa daktari aliyesomea. Mpuliza tromboni, Julian Priester, akawa Pepo Mtoto. Kwa jina hilo huku kwetu angeombewa kwanza ndipo aruhusiwe kupuliza! Watu weusi wa Marekani wa wakati ule walikipenda Kiswahili kwa kuwa hakikuwa cha kabila moja, na kwa kuwa Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa inaangaliwa kwa matumaini. Albamu yenyewe? Ni ngumu. Wimbo mmoja unaweza kuzidi dakika ishirini na usipate mahali pa kuitikia. Nimeisikiliza mara nne, na mara ya nne nikiwa kwenye basi usiku ndiyo nikaielewa kidogo.

Upande wa filamu nina moja tu ya kupendekeza kwa nguvu: Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez, ya mwaka 2024. Inahusu Kongo ya mwaka 1960 na kuuawa kwa Patrice Lumumba Januari 1961. Mwaka ule wa 1960 Marekani ilimtuma Louis Armstrong, mpuliza tarumbeta aliyependwa kuliko wote, kuzunguka Afrika akipiga muziki, Kongo ikiwemo. Wananchi walimbeba juujuu kwa furaha, huku nyuma ya pazia serikali ile ile iliyomtuma ikipanga namna ya kumwondoa Lumumba. Yule Max Roach niliyemtaja, pamoja na mwimbaji Abbey Lincoln, walikuwa miongoni mwa walioingia ukumbi wa Umoja wa Mataifa Februari 1961 wakipaza sauti kupinga mauaji hayo. Filamu ina kasoro: maandishi yanapita haraka, ni ya saa mbili na nusu, na bando lako litalia. Lakini mtu wa kanda hii ya Maziwa Makuu, mwenye ndugu au majirani waliotoka Kongo, ataitazama kwa namna ambayo mtu wa Ulaya hawezi.

Kwenye runinga sina mengi. Nitataja tamthilia ya Marekani ya Star Trek, iliyoanza mwaka 1966, yenye ofisa wa chombo cha anga anayeitwa Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Aliyeigiza, Nichelle Nichols, alikuwa mwimbaji aliyewahi kuzunguka na bendi ya Duke Ellington. Hadithi zenyewe huwa zinanipa usingizi.

Sisi huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sasa piga hesabu: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Vijana wananiuliza mbona video za Mbaraka ni za kutafuta kwa tochi. Hakukuwa na wa kumpiga picha. Tulichonacho ni sauti, na sehemu kubwa ya sauti hiyo ilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, bendi nzima ikipiga kwa mkupuo mmoja. Akikosea mmoja, mnaanza upya wote. Remmy Ongala alipata bahati ya kurekodi Uingereza albamu ya Songs for the Poor Man, iliyotoka mwaka 1989, na sauti yake ni safi kama maji ya chupa. Bado mimi napenda zaidi zile za redioni, unamsikia mtu akikohoa kwa mbali.

Nyimbo nyingine zilizorushwa hewani zimebaki tu kwenye kaseti ambazo watu walijirekodia majumbani kutoka redioni. Ziko kwenye masanduku huko Misasi, Mbarika, Fela. Ukiwa nayo, usiiweke juani wala karibu na spika, na usiipige mara moja kama imekaa miaka mingi. Ingiza penseli kwenye tundu, izungushe taratibu mwanzo hadi mwisho ili utepe uachiane. Ukiona ukungu mweupe kando ya utepe, usiitie kwenye redio kabisa, itachafua kichwa cha kusomea na kaseti itakayofuata nayo itaharibika. Kama iko salama, ipige chumba kilichotulia, weka simu ikirekodi hatua mbili kutoka kwenye spika, funga kuku nje, na mwanzoni taja kwa sauti yako jina la bendi na mahali kaseti ilipotoka. Mzee wa Usagara tayari ameahidi kuniletea zake tatu. Moja anasema ni Tabora Jazz. Nyingine mbili hakumbuki.