Mjane wa Newport na Meza ya Novemba

Wamarekani wakiulizwa asili ya Siku ya Shukrani, hutaja karamu ya walowezi wa Plymouth ya mwaka 1621. Mimi huanzia kwingine: Newport, New Hampshire, mji mdogo uliokulia kwenye viwanda vya sufu kando ya Mto Sugar, ambako mara nyingi theluji hufika kabla Novemba haijaisha. Wakwe zangu wanaishi maili chache kutoka hapo. Tangu niolewe nimeketi kwenye meza yao ya Shukrani mara nyingi, hata nikataka kujua ni nani hasa aliyeitandika mara ya kwanza. Kumbe alizaliwa hapohapo Newport, mwaka 1788. Ni Sarah Josepha Hale, binti wa ukoo wa Buell.

Habari za Plymouth zipo, lakini ni chache mno kubeba yote yaliyojengwa juu yake. Mlowezi Edward Winslow aliandika barua akisema kwamba baada ya mavuno Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, alifika na watu wapatao 90, wakala pamoja siku tatu, na kwamba wageni hao waliwinda kulungu watano wakawaleta. Barua haisemi kwamba karamu irudiwe kila mwaka. Aliyeiita Shukrani ya kwanza ni mchungaji wa Boston, Alexander Young, katika tanbihi aliyoichapisha mwaka 1841. Kati ya karamu na tanbihi hiyo vilipita vita vya 1675 na 1676, ambamo Metacom, mwana wa Massasoit yuleyule, aliuawa na kichwa chake kikatundikwa kwenye nguzo hapo Plymouth. Ndiyo maana tangu mwaka 1970 Wenyeji wa Asili hukutana Plymouth Alhamisi ya Shukrani kuomboleza. Watoto wangu nimewasimulia habari hizi mbele ya babu na bibi yao, na wazee walisikiliza hadi mwisho.

Desturi yenyewe, hii ya kusafiri umbali mrefu ili kula kwa wazazi, ilikomaa vijijini New England. Wapuritani hawakuipenda Krismasi. Massachusetts waliipiga marufuku kwa sheria kuanzia 1659 hadi 1681, na hata ilipofutwa sheria hiyo, watu wa vijijini waliendelea kwa vizazi kadhaa kufanya kazi tarehe 25 Desemba kama siku yoyote. Nafasi ile ikajazwa na Shukrani. Kila mwaka gavana wa jimbo alitangaza siku, kwa kawaida Alhamisi ya Novemba, baada ya mavuno kuingia ghalani na kabla njia hazijafunikwa kabisa. Asubuhi kanisani, mchana mezani, jioni ngoma au harusi, maana kwa kuwa ndugu wote walikuwapo, wengi waliona hiyo ndiyo siku ya kufunga ndoa.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana. Najua barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi inavyojaa Wachaga wanaorudi makwao kila Desemba, na najua wenzetu wanavyosema tunakwenda kuhesabiwa. Swali langu kwa New Hampshire lilikuwa moja: hawa waliokuwa wakirudi, walikuwa wameondoka kwa nini?

Jibu liko msituni nyuma ya nyumba ya wakwe zangu. Katikati ya miti minene kuna kuta ndefu za mawe, zimepangwa kwa mkono, hazizungushii kitu chochote. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanadiplomasia William Jarvis aliingiza kondoo wa merino kutoka Ureno na kuwafuga Weathersfield, Vermont, ng'ambo tu ya Mto Connecticut. Sufu yao ikawa mali. Vilima vikakatwa miti, kuta zikajengwa, na kufikia miaka ya 1830 eneo lote hili lilikuwa malisho. Kisha bei ya sufu ikaanguka, na mifereji na reli zikaleta mazao ya magharibi ambako ardhi haina mawe. Vijana wa kiume wakaenda Ohio na mbele zaidi. Mabinti wakaenda Lowell kwenye mitambo ya kufuma pamba. Msitu ukarudi mahali pa kondoo. Mzee aliyebaki na shamba lake la mawe alikuwa na siku moja tu kwa mwaka ya kuwaona wanawe wakiwa pamoja, nao walimjia kwa vigari vya kuteleza juu ya theluji.

Sarah aliishi ndani ya mabadiliko hayo. Baba yake aliwahi kupigana katika vita vya uhuru, kisha akafungua nyumba ya wageni Newport, na humo Sarah aliolewa mwaka 1813 na wakili David Hale. Vyuo havikupokea wanawake. Kaka yake, aliyesoma Dartmouth, alimfundisha nyumbani yale aliyofundishwa darasani. Mwaka 1822 David alikufa kwa homa ya mapafu, akamwacha na watoto wanne na mimba ya wa tano. Sarah alivaa nguo nyeusi tangu hapo hadi kufa kwake. Na waliomshika mkono walikuwa upande wa mume: alifungua duka la kofia za wanawake pamoja na wifi yake, na Wamasoni wenzake marehemu wakagharimia kitabu chake cha mashairi. Nakitaja kisa cha wifi kwa makusudi. Waandishi wa maisha yake hukipita kwa sentensi moja, ilhali kwangu ndicho kinachoeleza kwa nini alizijali meza za ukoo namna ile.

Mwaka 1827 alitoa riwaya, *Northwood*, na ndani yake akaweka sura nzima ya mlo wa Shukrani. Bata mzinga wa kuokwa yuko kichwani mwa meza. Nyuma yake nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kondoo, bata, pai kubwa ya kuku, na pai ya maboga ambayo bila hiyo sherehe haijatimia. Toa nyama mbili tatu, utabaki na meza ya mama mkwe wangu. Riwaya ilimpatia kazi ya uhariri Boston, na mwaka 1837 akaanza kuhariri *Godey's Lady's Book* la Philadelphia, jarida ambalo kufikia 1860 lilikuwa na wanunuzi wapatao 150,000. Kila Novemba lilichapisha mapishi na hadithi za Shukrani, zikasomwa na wanawake ambao hawajawahi kuiona New England. Kuanzia 1846 akawaandikia magavana na marais kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, akiomba nchi nzima iwe na siku moja.

Kusini hawakulipenda wazo hilo. Gavana Henry Wise wa Virginia alikataa mwaka 1856, kwa kuwa aliiona Shukrani kama mlango wa wachungaji wa kaskazini wanaohubiri dhidi ya utumwa. Hapa nami ninalo la kumdai Sarah. Aliuchukia utumwa, lakini jawabu lake lilikuwa kuwapeleka watu weusi Liberia. Aliandika kitabu kizima kulitetea, mwaka 1853. Mwanamke huyo aliyetaka taifa zima liketi pamoja hakuwawekea viti watu wenye ngozi kama yangu. Ninapopewa kisu cha mkate kwenye meza aliyoiasisi, hilo nalikumbuka, na simwondolei sifa yake wala lawama yake.

Tarehe 28 Septemba 1863, miezi michache baada ya mapigano ya Gettysburg, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, alimwandikia Rais Abraham Lincoln. Tarehe 3 Oktoba tangazo likatoka, limeandikwa na waziri wake William Seward: Alhamisi ya mwisho ya Novemba, kwa nchi nzima. Sarah alikuwa na miaka 74. Aliendelea kuhariri hadi 1877, akafariki mwaka 1879.

Mama mkwe wangu ana madaftari ya Shukrani, yaliyoanzishwa na mama mkwe wake. Kila mwaka una ukurasa wake: nani amekuja, nani hakuja na yuko wapi, uzito wa bata mzinga, hali ya theluji. Mimi nayaona kuwa hati muhimu kuliko vitabu vingi nilivyosoma juu ya jimbo hili. Mwaka 1939 una maandishi ya hasira. Rais Roosevelt, kwa ombi la wafanyabiashara waliotaka siku zaidi za mauzo kabla ya Krismasi, aliisogeza Shukrani kutoka tarehe 30 hadi 23 Novemba. Majimbo yakagawanyika, na sehemu kubwa ya New England ikabaki na tarehe 30. Shangazi mmoja aliyeolewa New York alipewa likizo wiki ambayo kwao hakukuwa na karamu, akakosa kuja. Sheria ya Bunge ilimaliza ubishi mwishoni mwa 1941: Alhamisi ya nne, daima. Kurasa zinazofuata zina majina ya vijana waliokwenda vitani, yaliyoandikwa pembeni pamoja na neno Pasifiki. Baadaye ni viwanda vya sufu vikifungwa, na majina yakihamia Boston, Florida, California.

Maharage mabichi ya kuoka na supu ya uyoga ya kopo, ambayo Dorcas Reilly aliyabuni mwaka 1955 katika jiko la kampuni ya Campbell, yanaonekana mara ya kwanza kwenye ukurasa wa 1961, na hayajaondoka. Mwaka 2014 dhoruba ya theluji iliangusha nyaya Jumatano ya kuamkia Shukrani, nyumba kwa maelfu New Hampshire zikakosa umeme. Bata mzinga alikatwa vipande akapikwa juu ya jiko la kuni, na mama mkwe ameandika kwamba alikuwa mtamu kuliko wa miaka yote.

Jina langu liko humo pia, na mbele yake kilo mbili za kahawa ya Kibosho, kwa sababu sikulelewa kuingia kwa wakwe mikono mitupu. Mwaka ujao tutakosekana: ni zamu ya wazazi wangu, na ukurasa utaonyesha hivyo. Mama mkwe ameshasema hakubali kuandika tu kwamba tuko Tanzania. Atatufuata Desemba, ameulizia viatu vya kutembelea mgombani, na baba amekwisha chagua mbuzi.