Nyumba ya Watu Elfu Tano Kiungani mwa Vienna

Twataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyo kiungani mwa Vienna, mji mkuu wa Austria, upande wa kaskazini, mahali paitwapo Heiligenstadt. Jina lake ni Karl-Marx-Hof.

Kabla ya vita vikuu vya mwaka 1914, wafanya kazi wengi wa mji ule walikaa katika chumba kimoja na jiko. Maji waliteka katika bomba la ujiani, na choo walishiriki na majirani. Wengine, ili wapate kulipa kodi, walimpangisha mgeni kitanda kwa saa chache tu. Huyu aamkapo, yule hulala. Kifua kikuu kikazidi hata kikaitwa maradhi ya Vienna.

Vita vilipokwisha, watawala wapya wa mji wakaazimu kuyaondoa mambo hayo. Mwaka 1923 wakaweka ushuru wa majengo, tajiri akitozwa zaidi kuliko maskini. Na hata kufika mwaka 1934 yalikuwa yamejengwa makao zaidi ya 60,000.

Nyumba yetu hii aliichora Karl Ehn. Kazi ilianza mwaka 1927, ikafunguliwa mwaka 1930. Urefu wake wapita kilometa moja, nayo ilikuwa na makao 1,382. Lakini la kustaajabisha si urefu, bali nafasi iliyoachwa: majengo yalishika chini ya sehemu ya tano ya kiwanja, na iliyosalia ni nyua na bustani. Kila makao yalipata bomba lake na choo chake. Vyumba vilikuwa vidogo, wala havikuwa na bafu; kwa hiyo palijengwa mabafu ya watu wote, mahali pa kufulia nguo, shule za watoto wadogo, maktaba, na chumba cha daktari wa meno.

Wapinzani wakasema, "Hii ni ngome." Februari 1934, wafanya kazi wenye silaha walipopigana na serikali ya nchi, baadhi yao walijizuia humo, na jeshi likaipiga nyumba kwa mizinga. Jina lake likaondolewa, likarudishwa mwaka 1945. Kuta zilitengenezwa, na hata leo nyumba ni mali ya mji, na watu wamepanga.

Je, ilikuwa ngome au makao? Atazamaye malango yake makubwa kutoka njiani huona ngome. Lakini milango ya ngazi yaelekea uani, ambako majirani hukutana. Nasi twaona kwamba nyumba yafaa kuhukumiwa na aishiye ndani yake.