Tasnifu Ianzie Bondeni: Uzamili wa Sayansi ya Angahewa na Swali la Ilemba

Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba hadi Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wa msimu. Katika mgawanyo wake wa kanda, Rukwa huwekwa kundi moja na Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe, yaani nyanda za juu kusini magharibi. Mgawanyo huo unamfaa mkazi wa Sumbawanga mjini, aliye kwenye uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mkulima wa mpunga wa Ilemba haumfai. Ilemba ipo chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa, ziwa ambalo uso wake uko karibu mita 800 tu. Kati ya watu hawa wawili pana mteremko unaokaribia kilomita moja, na hewa haishuki kilomita moja ikabaki ilivyokuwa.

Silaumu TMA, ambayo kazi yake ni kuhudumia nchi nzima na ambayo sasa imeanza kutoa utabiri wa ngazi ya wilaya. Lakini Wilaya ya Sumbawanga yenyewe ina Laela iliyo juu na Ilemba iliyo bondeni. Hata tukiikata mipaka ya utawala vipande vidogo kiasi gani, tatizo litabaki, kwa sababu linatokana na mwenendo wa hewa. Kuujua mwenendo huo ni kazi ya utafiti wa uzamili na uzamivu, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu mahali kama Ilemba hupewa ushauri uliozoeleka: hapo hakuna data ya miaka mingi, chukua modeli, itazame Afrika Mashariki yote. Makala haya yanadai kinyume chake. Mahali pasipo data ndipo panapostahili tasnifu.

Tunapokubaliana na tunapogombana

Mambo makubwa hayana ubishi. Ukanda wa mvua huhama na jua, Rukwa hupata msimu mmoja, na joto la bahari za Pasifiki na Hindi huchangia kuamua msimu utakuwaje. Uchambuzi wa Kijazi na Reason wa mwaka 2005, uliohusisha mvua za pwani ya Tanzania na El Niño, ni mfano mzuri wa kazi ya aina hii.

Ubishi unakuja kwenye vipimo vya umbali. Data za ERA5, rekodi ya angahewa iliyochakatwa kwa modeli, ambazo wanafunzi wengi huzitegemea, zimegawanya dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 31 hivi. Lyamba lya Mfipa inaporomoka ndani ya kilomita chache. Mraba mmoja unaweza kumeza uwanda, mteremko na sehemu ya bonde kwa pamoja, kisha ukatoa wastani usiomhusu mtu yeyote anayeishi humo. CHIRPS, makadirio ya mvua yatokanayo na setilaiti, yenye miraba ya kilomita 5 hivi na rekodi tangu 1981, inaonekana kuwa nafuu. Hata hivyo nayo hukisia mvua kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu, halafu husahihishwa na vipimamvua vya ardhini. Vipimamvua vikiwa haba, setilaiti hubaki peke yake. Na wingu fupi lililosukumwa na mlima linaweza kunyesha vizuri tu bila kilele chake kufika kwenye baridi kali inayotazamiwa na kanuni hiyo.

Hiyo ndiyo kambi ya modeli na setilaiti. Kambi ya pili ni ya dodoso. Chang'a, Yanda na Ngana walichapisha mwaka 2010 utafiti wa maarifa ya jadi ya kubashiri mvua katika Rungwe na Kilolo, ukieleza dalili za miti, ndege na wadudu. Kazi hiyo ilifungua mlango. Wengi waliofuata wamesimama mlangoni wakihesabu asilimia ya wakulima wanaosema mvua imepungua. Mkulima akisema mvua imepungua, ametupa nadharia tete inayosubiri kipimo. Kuiandika kama tokeo ni kumtwisha yeye kazi ya mtafiti.

Funzo la Turkana

Ushahidi wangu mkuu unatoka kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1982, J. H. Kinuthia na G. C. Asnani, Mhindi aliyekuwa akifundisha Nairobi, walichapisha katika jarida la Monthly Weather Review taarifa ya mkondo wa upepo wa kasi ambao haukuwa umetambuliwa. Mkondo huo hupita kwenye njia iliyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, hutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, na huwapo mwaka mzima. Waliubaini hasa kwa maputo ya kupimia upepo.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Puto hujazwa gesi kwa kipimo ili mwendo wake wa kupaa ujulikane mapema. Mtu mmoja hulifuata kwa teodolaiti na kusoma pembe mbili kila dakika, mwenzake akiandika. Usiku puto hufungiwa taa ndogo. Kutokana na pembe hizo na kimo kinachokadiriwa, mtu hukokotoa puto limesogea wapi, na kwa hiyo upepo wa kila tabaka una kasi gani na unaelekea wapi. Wingu likiliziba, kazi imeishia hapo. Hesabu yake haimshindi aliyefaulu trigonometria ya sekondari. Ugumu uko katika kurudia, asubuhi hata asubuhi, na katika kuuliza kwa nini namba za bondeni hazifanani na za kwingine.

Kinuthia alirejea mwaka 1992 na makala iliyochora umbo la mkondo huo kwa kina zaidi. Mwaka 2021, watafiti wa Oxford wakishirikiana na wa Kenya walirusha vipima-anga vya redio kutoka Marsabit katika kampeni iliyoitwa RIFTJet. Mkondo ulijitokeza kila usiku wa kampeni, na data zilizochakatwa na modeli zilionekana kuupunguzia kasi. Maana yake ni kwamba karibu miaka 40 baada ya maputo ya Kinuthia, na pamoja na setilaiti zote zilizorushwa katikati, mtu aliyetegemea kompyuta peke yake bado angekosea. Leo mitambo 365 ya shamba la upepo la Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, inazungushwa na upepo wa njia hiyohiyo.

Kwa nini Ilemba

Bonde la Rukwa nalo limelala kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, likibanwa na Ufipa upande mmoja na kingo za Chunya upande wa pili. Pepo za kusini mashariki za kiangazi zinavuma kuufuata mhimili wake. Sisemi kwamba Rukwa ina mkondo kama wa Turkana. Nasema kwamba umbo la nchi linatulazimisha kuuliza, na kwamba swali hilo linajibika.

Upo pia mwendo wa juu na chini. Hewa kavu inayoteremka hubanwa na kupata joto la karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita, na unyevu wake linganifu hupungua. Mchana mteremko uliopashwa na jua huvuta hewa kupanda. Usiku hewa iliyopoa hushuka kuelekea ziwani. Je, mvua ya Ilemba huanguka zaidi alasiri, mawingu yakiwa yamejikusanya juu ya Lyamba, au usiku, pepo za mteremko zinapokutana na hewa yenye unyevu ya ziwani? Mkulima anayesubiri maji yatuame jarubani ili apandikize miche anahitaji jibu la swali hili kuliko jumla ya milimita za msimu.

Bonde hili si geni kwa sayansi. Ni moja ya mazalia makuu ya nzige mwekundu, na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao lililoundwa mwaka 1949 lilikuwa na makao yake Abercorn, Mbala ya leo. Mwaka 1959 Symmons alichapisha utafiti uliohusisha idadi ya nzige wa Rukwa na hali ya hewa ya bonde. Mwaka 2009 nzige walipoongezeka tena, tambarare za Rukwa zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyonyunyiziwa kiuadudu cha kuvu. Tumejua kwa miaka zaidi ya 60 kwamba mvua ya bonde hili ina matokeo yanayovuka mipaka.

Mapingamizi mawili

La kwanza ni urefu wa rekodi. Ni kweli kwamba mwelekeo wa tabianchi hautambuliki kwa miaka miwili. Lakini mwelekeo ni aina moja tu ya swali. Maswali ya utaratibu (upepo hugeuka saa ngapi, joto hupungua vipi kwenye mteremko) hujibiwa kwa msimu mmoja wa vipimo vya karibu karibu: kituo kimoja uwandani, kimoja mteremkoni, kimoja Ilemba.

La pili ni ajira. Inasemekana anayeshika teodolaiti atapitwa na anayeendesha modeli. Naona atakayepitwa ni yule asiyeweza kuitilia shaka modeli yake. Anayejua kilichotokea bondeni usiku fulani ndiye anayeweza kusema modeli imekosea wapi, na ustadi huo una soko hata nje ya nchi.

Napendekeza basi kwamba kila programu ya uzamili wa angahewa katika eneo letu imdai mwanafunzi msimu mmoja wa vipimo vyake mwenyewe kabla ya kumruhusu kufungua faili la modeli. Pengine si kila chuo kitamudu mara moja, na pengine Rukwa haitatoa ugunduzi wa ukubwa wa Turkana. Bonde likionekana halina mkondo wowote, hilo nalo ni tokeo linalostahili kuchapishwa, na litakuwa la kwanza kuipa Ilemba nafasi yake nje ya kundi la nyanda za juu. Shahada inayotolewa bila sharti hilo, kwa maoni yangu, ni shahada ya kompyuta iliyoazima jina la angahewa.