Jinsi tetemeko linavyoporomosha sakafu ya bahari

Mji wa Sydney uko mbali na mipaka ya mabamba makubwa ya ardhi. Hata hivyo, miteremko ya chini ya bahari katika pwani yake ina makovu ya maporomoko ya kale. Poromoko la Bulli, kusini mwa mji huo, lilisomba takriban kilomita za ujazo 20 za mashapo, yaani tope na mchanga uliorundikana kwa muda mrefu mno.

Mwaka 2008 meli ya utafiti, Southern Surveyor, ilichukua sampuli za mashapo kaskazini zaidi katika pwani hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walizipima na kubaini kuwa miteremko hiyo haielekei kuporomoka kwa uzito wake pekee. Tetemeko la ardhi ni miongoni mwa visababishi wanavyovishuku.

Maji yaliyonaswa

Chembe za mashapo hushikiliana kwa kugandamizana, na nafasi baina yake zimejaa maji. Ardhi inapotikisika chembe husukumwa zikaribiane, lakini maji hayawahi kutoka. Shinikizo la maji hupanda, chembe huachana, na tope lililokuwa imara huwa mithili ya uji. Hapo hata mteremko wa wastani hutosha kuliporomosha.

Mteremko ukistahimili, maji huchuja polepole na chembe hubanana zaidi. Hivyo pwani inayotikisika mara kwa mara yaweza kuwa na sakafu imara kuliko pwani tulivu.

Nyaya na mawimbi

Novemba 1929, tetemeko la kipimo cha 7.2 liliporomosha mashapo karibu na Newfoundland, Canada. Nyaya za telegrafu za chini ya bahari zilikatika moja baada ya nyingine kwa saa kadhaa, na mawimbi ya tsunami yakaua watu 28.

Australia nayo hutikisika. Tetemeko la Newcastle, kaskazini mwa Sydney, liliua watu 13 Desemba 1989, ingawa kipimo chake kilikuwa 5.6 tu.

Afrika Mashariki pia ina kovu lake. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza juu ya poromoko kubwa katika bahari ya Tanzania, waliloliita Mafia. Lilitokea zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, nao wanalihusisha na harakati zilizoliunda Bonde la Ufa.