Mshale wa Waata

Mtu asiyeujua uwindaji akiuona upinde umetundikwa ukutani pamoja na podo lake, macho yake huenda kwenye upinde kwanza. Huusifu ukubwa wake, hujaribu kuuvuta, na akishindwa hucheka. Mishale huitazama kama vijiti tu, vyote sawa. Mwindaji wa zamani hakufikiri hivyo. Upinde alikuwa nao mmoja, nao ulimtosha kwa muda mrefu. Bali mshale ilimpasa auchague kila mara alipomwona mnyama, na akikosea katika kuchagua, nguvu zote za mkono wake zilipotea bure.

Katika nchi yetu ya Kenya hapana watu waliojulikana kwa elimu hiyo kuliko Waata. Hao ndio ambao majirani zao waliwaita Wasanye au Waliangulu, watu wachache waliokaa katika nyika kavu iliyo nyuma ya pwani, kutoka pande za Tsavo na mto Galana hata kukaribia Tana. Lugha yao ni jamaa ya Kioromo. Hawakuwa na ng'ombe wala mashamba makubwa. Mali yao ilikuwa upinde, na mnyama wao alikuwa ndovu. Pinde zao zilikuwa ndefu na nzito ajabu. Wazungu waliozipima waliona kwamba nyingine zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 ili kuvutwa mpaka mwisho, nguvu inayolingana na ile ya pinde za vita za Waingereza wa kale.

Kwa nini walihitaji nguvu kama hiyo? Tukitaka kujibu, yatupasa kwanza kufahamu kazi ya mshale. Chukua bua kavu la mtama ulitupe kwa nguvu zako zote. Litatoka mkononi kwa kasi, lakini baada ya hatua chache litalegea na kuanguka. Kisha chukua fimbo ya mkoko yenye urefu ule ule. Itatoka polepole zaidi, lakini itakapogonga kitu, kitu hicho kitatikisika. Mshale ni vivyo hivyo. Ulio mwepesi huenda mbio na njia yake hunyooka, kwa hiyo hufaa kwa mnyama mdogo aliye mbali. Ulio mzito huenda taratibu na huinama mapema kuelekea chini, lakini ukifika ni vigumu kuuzuia. Tena, mshale mwepesi mno huudhuru upinde wenyewe, kwa kuwa nguvu isiyochukuliwa na mshale hurudi katika mti na upote.

Uzito huo haufai kuwekwa popote. Ukiwa nyuma, mshale huyumba. Ukiwa mbele, katika chembe, mshale hufuata kichwa chake, na manyoya ya nyuma huushika usipotee njia. Ndiyo sababu fundi alifunga chembe cha chuma mbele na manyoya mepesi ya ndege nyuma. Lakini hapa pana mtego. Upote unapoachiwa, mshale hausukumwi kama jiwe. Hupinda kidogo, hupita kando ya upinde ukiwa umejikunja, kisha hujinyoosha hewani. Chembe kikiwa kizito kuliko kiasi, wano hupinda mno na mshale huenda upande. Wano likiwa gumu kuliko upinde, halipindi vya kutosha, na mshale huenda upande wa pili. Basi chembe, wano na upinde ni kama mafiga matatu. Ukibadilisha moja, huna budi kuyatazama mengine. Hata leo, katika nchi kama Marekani ambako kuwinda kwa upinde kunaruhusiwa, wawindaji hubishana juu ya chembe cha gramu 6 na nusu na kile cha gramu 8. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko uzito wa sarafu, lakini inatosha kuupotosha mshale.

Kila mnyama alikuwa na mshale wake. Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi, katika Tanzania, mpaka leo hutumia mshale wenye ncha ya mti tu kwa ndege na wanyama wadogo, na huweka chuma na sumu kwa wanyama wakubwa. Si ubahili tu unaowafanya hivyo. Chuma kizito hakimfai kanga, na ncha ya mti haimfai pofu.

Kwa ndovu jambo lilikuwa gumu zaidi. Ngozi yake mahali pengine hufikia unene wa sentimita mbili na nusu, na chini yake pana nyama na mbavu. Hakuna mshale ambao kwa jeraha lake peke yake ungemwangusha mara moja. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Wao walitegemea vyembe vipana vya chuma chenye makali, vilivyokata mishipa na kumwaga damu. Waata walifuata njia nyingine. Chembe chao hakikuwa kisu cha kukata. Kilikuwa chombo cha kubeba uchungu, yaani sumu, mpaka ndani ya mwili. Upinde mzito ulikuwa wa kupenya ngozi. Kazi iliyobaki ilifanywa na sumu.

Uchungu ulitoka katika mti ambao wataalamu huuita Acokanthera, na Wamaasai huuita olmorijoi. Vipande vya mti na maganda vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito na meusi kama lami. Wagiriama walijulikana sana kwa kuipika na kuiuza. Mwindaji aliipaka nyuma ya ncha, katika shingo ya chembe, kisha akaizungushia ukanda wa ngozi laini ili isikauke na isimdhuru mwenyewe. Ukanda huo uliondolewa mnyama alipokuwa karibu. Sumu hiyo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Lakini ikimezwa haina nguvu nyingi, ndipo nyama ya mnyama aliyeuawa ikaweza kuliwa.

Jambo la ajabu ni kwamba sumu hiyo hiyo ilikuja kuwafaa waganga wa Ulaya. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliipata ikiwa safi, ikaitwa ouabain, jina lililotoka katika lugha ya Kisomali. Kwa miaka mingi ilitumika kwa kiasi kidogo sana kama dawa ya moyo. Baadaye Jens Skou wa Denmark aliitumia katika kuchunguza jinsi chembechembe za mwili zinavyosukuma chumvi nje, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1997. Mwindaji wa nyika hakulijua jina la Skou, lakini alikuwa amekwisha kujua kiasi cha sumu kinachotosha.

Sasa tuone mwisho wa habari hii. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka bara mpaka Mombasa kwa mikono ya Wakamba, Wagiriama na wengineo, na nyingi zilianza safari yake kwa mshale. Kisha serikali ya Kiingereza ikaweka sheria: mwenye bunduki na fedha alipata hati ya kuwinda, na mwenye upinde akaitwa mwizi. Mwaka 1948 nyika ya Tsavo ikafanywa hifadhi ya wanyama. Katika mwaka 1956 na 1957 askari wa hifadhi, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliwafuata wawindaji kambi kwa kambi, na Waata wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kwa idhini na kiasi, lakini haukudumu.

Je, ndovu waliokoka? Kwa muda waliongezeka, wakaiharibu miti ya Tsavo. Kisha ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukawaua kwa maelfu. Baada ya hapo zikaja bunduki, ambazo hazimtaki mtu ajue lolote juu ya uzito wa chembe. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote.

Hatusemi kwamba Waata hawakuwa na kosa. Ndovu wengi walikufa kwa mikono yao, na wengi wao kwa ajili ya pembe wala si kwa njaa. Wala hatutaki mtu achukue upinde leo aingie porini, kwa kuwa sheria ya kuwalinda wanyama ni njema. Lakini ni jambo moja kumzuia mtu asiwinde, na ni jambo jingine kumwita mjinga. Walipotiwa gerezani, waliingia humo pamoja na elimu ya miti, ya chuma, ya sumu na ya mwendo wa vitu hewani, na hakuna mwalimu aliyewauliza.

Siku utakapouona mshale katika jumba la makumbusho, usiupite upesi. Tazama chembe chake, kisha wano, kisha manyoya, ujiulize kwa nini fundi alichagua kila kimoja. Na kama kwenu yupo mzee aliyewahi kuchonga mshale, mwendee ukamwulize angali hai.