Kujenga Makumbusho katika Nchi ya Volkano

Katika mji wa Tororo ulio karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, husimama mwamba ambao wanajiolojia huuhesabu kuwa mabaki ya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, yaani sehemu ya ndani iliyosalia baada ya mmomonyoko kuondoa mlima ulioizunguka. Humo mna kabonatiti, jiwe la chokaa ambalo, tofauti na lile la pwani litokanalo na matumbawe, lilizaliwa na uji wa moto wa ardhini. Thamani yake ilipimwa kwanza kwa tani: mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilianza kazi Tororo, wakati Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, likijengwa huko Jinja.

Kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya Magadi, volkano ilikuwa imekwisha kupewa matumizi mengine. Huko Olorgesailie, chini ya mlima wa volkano wenye jina hilo, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walikuta mwaka 1942 mamia ya mashoka ya mkono, yaani zana za mawe zilizochongwa pande mbili, yakiwa yametapakaa katika mashapo ya ziwa la kale. Badala ya kuyahamishia yote mjini, waliyaacha mengi mahali pale pale, na eneo likafunguliwa kwa umma mwaka 1947. Ujia wa mbao ulioinuliwa juu ya ardhi na paa la kukinga jua na mvua ndivyo vilivyotosha kuwa jengo. Ubunifu huo, pamoja na uduni wake wa gharama, haujapitwa kwa urahisi, kwa sababu mgeni huziona zana na udongo uliozihifadhi kwa mtazamo mmoja.

Mpango wa makumbusho ya Ngaren, uliotangazwa na Richard Leakey mwaka 2019 kwa michoro ya msanifu majengo Daniel Libeskind, ulichagua njia nyingine: majengo marefu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa yaliyochorwa kuiga umbo la shoka la mkono. Kuiga zana, hata hivyo, si sawa na kuisitiri.

Ugumu wa kusitiri ulidhihirika Laetoli, Tanzania, ambako nyayo za miaka milioni 3.6 zilizochapwa katika majivu ya volkano zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979, kisha zikafunikwa kwa udongo na mawe. Udongo huo ulikuwa na mbegu za migunga, ambayo iliota na kupenyeza mizizi yake hadi kwenye tabaka la nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa Taasisi ya Getty walizifukua tena, wakaondoa mizizi, wakazifunika upya kwa mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na juu yake wakapanga mawe ya volkano. Nakala za nyayo hizo huonyeshwa katika makumbusho ya Olduvai.