Mbono wa Kisarawe: Hesabu Kwanza, Jembe Baadaye



Ukisimama Mnazi Mmoja alfajiri utayaona malori yakiingia Kariakoo na mihogo, ndizi na nyanya. Kila gunia limekwisha kula dizeli njiani, na gharama ile hukatwa katika bei anayopewa mkulima. Ndiyo maana swali hili hurudi kila mara: je, shamba haliwezi kutoa mafuta ya kuendeshea lori lake?

Swali si la jana. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, Brazili ilianzisha mwaka 1975 mpango wa kutengeneza spiriti ya magari kwa miwa. Malawi nayo ikaanza mwaka 1982 huko Dwangwa, ikitumia molasi, yaani masalio ya kiwanda cha sukari. Malawi haina bandari ya bahari, petroli huifikia kwa gharama kubwa, na molasi ilikuwapo tayari kiwandani. Hapo hesabu ilikubali.

Kwetu ulikuja mbono. Wazee waliupanda kuwa ua na alama ya makaburi, ndiyo maana wengine huuita mbono kaburi. Mafuta ghafi yalipofika dola 147 kwa pipa, Julai 2008, mbono ulisifiwa kama dhahabu. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji Kisarawe, si mbali na jiji. Lakini kabla mwaka 2008 haujaisha, pipa lilishuka chini ya dola 40. Mwaka 2011 kazi ikasimama, vibarua wakarudi nyumbani.

Haya, tupige hesabu. Lita moja ya mafuta yataka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Basi mafuta yakiuzwa bei sawa na dizeli, kilo moja haiwezi kulipwa hata robo ya bei ya lita, maana kukamua, kuchuja na kusafirisha navyo vyataka fedha. Mbegu huchumwa kwa mkono, kwani hazikomai pamoja. Mashudu yana sumu, huwezi kumlisha ng'ombe. Na kwenye ardhi kavu mbono huishi kweli, lakini kuishi siyo kuzaa.

Kubwa zaidi ni ardhi. Kwa sheria za mwaka 1999, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla ndipo mwekezaji kutoka nje apewe. Akiondoka, hairudi yenyewe kijijini.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, akija mtu na zao jipya la mafuta, muulizeni mbele ya mkutano wa kijiji: kilo mtainunua shilingi ngapi, na mkataba uko wapi? Bei ya mafuta ikianguka, nani atabeba hasara? Mkiondoka, ardhi itakuwa ya nani? Asipojibu, wewe panda mihogo yako. Bei yake Kariakoo unaijua.